Mgogoro wa Mpaka na Jirani: Namna ya Kuumaliza, Kuanzia Uwanjani Hadi Barazani

Migogoro mingi ya mpaka huanza siku ya msingi. Jirani kashusha mchanga na mawe, fundi kavuta kamba, na wewe ukipita unaona kamba imeingia nusu mita ndani ya eneo ambalo miaka yote umelijua kuwa lako. Kipande kinachogombewa ni chembamba, pengine hakitoshi hata kujenga choo. Lakini vipande vya namna hiyo vimewafanya watu wa ukuta mmoja wasisalimiane, na wengine wasizikane.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama yake ya Ardhi, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba achukue humu yanayohusu ushahidi na mazungumzo, ya barazani ayaulizie hukohuko.

Ugomvi wa mpaka ni tofauti na ugomvi wa umiliki. Katika mpaka, wewe unakubali kwamba jirani ana kiwanja chake na yeye anakubali kwamba una chako. Kinachotafutwa ni mstari. Ukianza kumwita mwizi wa ardhi, umelibadilisha swali dogo kuwa kubwa, na kubwa halimalizwi kwa futi ya kupimia na mashahidi wawili.

Siku ya kwanza: kazi isimame, na usiguse kitu

Usiing'oe kamba ya fundi. Usivunje tofali, usikate mti wa mpaka, na usithubutu kuhamisha bikoni, alama ya mpaka iliyowekwa na mpima, hata kama una uhakika kwamba imewekwa pasipo pake. Kuondoa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, na nimeona mwenye haki akigeuka mshtakiwa kwa sababu ya panga la dakika tano.

Nenda kwa jirani mwenyewe, usimtume mtoto wala kumalizana na fundi. Maneno yawe ya kawaida: "Shikamoo mzee. Naona msingi unaanza, hongera. Ila hapa kwenye kamba nina wasiwasi kidogo, naomba tusimamishe siku mbili tatu tuangalie karatasi zetu pamoja." Wengi hukubali wakiombwa hivi, kwa sababu nao hawataki kujenga ukuta utakaobomolewa.

Akikataa, mwone mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, kijijini mwenyekiti wa kitongoji, na mpe taarifa kwa maandishi. Barua fupi inatosha: tarehe, mahali, jambo lenyewe, na ombi kwamba ujenzi usimame hadi mpaka uangaliwe. Tengeneza nakala mbili na moja igongwe muhuri kuonyesha imepokelewa. Mjini uliza pia halmashauri kama ujenzi huo una kibali. Mkaguzi wa majengo ana uwezo wa kuusimamisha ambao mwenyekiti wa mtaa hana.

Siku hiyohiyo piga picha. Piga kutoka mbali zionyeshe nyumba zote mbili, kisha karibu zionyeshe bikoni, mti, msingi na kamba. Picha ya shimo peke yake haimwambii mtu ni shimo la wapi.

Jua ardhi yako iko kundi gani

Njia ya kuutafuta mpaka inategemea jambo hili, na wengi huliruka.

Kama eneo limepimwa na lina hati miliki au barua ya toleo, mpaka wenu upo kwenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Kazi ni kuurudisha ardhini. Maneno ya "babu alisema" hayana nguvu kubwa hapa.

Kama ni mjini lakini hapajapimwa, mtu ana mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mtaa au leseni ya makazi. Hapo mpaka hujengwa kwa maelezo ya mkataba, alama za ardhini na majirani.

Kama ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Unaweza kuwa na hatimiliki ya kimila, na unaweza usiwe nayo ukawa bado mmiliki halali. Kama ipo, daftari na ramani viko masijala ya ardhi ya kijiji au ya wilaya. Kama haipo, wazee na mimea ndio ramani.

Kusanya ushahidi kabla ya kuitisha kikao

Hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mgogoro, kwa hiyo tulia.

Anza na karatasi. Toa mkataba wako wa mauziano usome sehemu ya mipaka: kaskazini umepakana na nani, kusini nani, mashariki na magharibi nani. Mkataba mzuri unataja na vipimo. Mkataba wa kawaida wa mtaani unasema "kiwanja cha kutosha nyumba moja", na huo hautakusaidia bila mashahidi waliosaini. Tafuta mkataba wa aliyekuuzia pia, maana yeye naye alinunua kwa mtu, na huwezi kuuziwa zaidi ya alichokuwa nacho. Mwombe jirani naye alete zake. Mara nyingi karatasi za pande mbili zikiwekwa meza moja, utakuta muuzaji alikuwa mmoja, akakata kipande kimoja leo na cha pili mwaka uliofuata, na maelezo hayakutani katikati.

Kwenye mashamba, angalia sana neno "hatua". Ekari ya kienyeji ni hatua 70 kwa 70. Aliyepiga hatua za sentimita 90 alipata upande wa mita 63, yaani mita za mraba 3,969, karibu sana na ekari kamili ambayo ni takriban 4,047. Aliyepiga hatua za sentimita 80 alipata upande wa mita 56, na eneo la mita za mraba 3,136. Wote wawili waliandikiwa "ekari moja" na wote walikuwa wakweli, lakini kati yao kuna tofauti ya zaidi ya mita za mraba 800. Kwa hiyo unaposema "shamba langu halijatimia ekari, jirani amekula", uliza kwanza lilipimwa kwa miguu ya nani. Kinachouzwa kwa hatua ni eneo lililoonyeshwa kwa macho siku ile, na alama zilizoonyeshwa ndizo zenye uzito kuliko hesabu.

Kisha mimea. Minyaa, mikonge, michongoma, masale kwa Wachagga, milamula kwa Wahaya: hii imepandwa kwa vizazi kwa kazi hiyohiyo ya kuonyesha mpaka. Ichunguze kwa makini. Mnyaa uliopandwa na mtu husimama kwenye mstari na wenzake, kwa nafasi zinazokaribiana, na shina la chini ni nene hata kama matawi yamekatwa. Ulioota wenyewe kutokana na tawi lililoanguka husimama kokote. Ukikuta mstari wa visiki vinene halafu, mita moja pembeni, mstari wa miche myembamba, unajua upi ni mkongwe. Palipolimwa kwa muda mrefu mara nyingi hubaki tuta au kingo kwa sababu jembe la kila upande liliishia palepale. Mvua ikitoka kunyesha na majani yakiwa mafupi, kingo hiyo huonekana vizuri zaidi.

Bikoni nayo hutafutwa. Kwa kawaida ni pini ya chuma iliyosimikwa kwenye zege, yenye herufi na namba. Mvua na vifusi huifunika, kwa hiyo kabla ya kusema imeng'olewa, pima kutoka bikoni mnayoiona kwa urefu ulioandikwa kwenye ramani, kisha fukua taratibu kwa mkono, jirani akiwepo. Ukiipata, ifute udongo, soma namba, linganisha na ramani. Namba isiyolingana inaweza kuwa ya kiwanja kingine kabisa.

Mwisho ni watu. Shahidi bora wa mpaka ni jirani wa tatu, yule anayepakana nanyi wote wawili na hana cha kupata. Wa pili ni aliyekuwepo siku ya kuonyeshwa mipaka: muuzaji, mjumbe wa wakati ule, hata kijana aliyeshika kamba. Kama ni mzee, mwendee mapema. Maelezo yake yaandikwe, asome au asomewe, asaini au aweke dole gumba, na picha yake akionyesha mpaka ihifadhiwe.

Pima mwenyewe, lakini jua mipaka ya kipimo chako

Kwa kiwanja cha pembe nne chenye vipimo vinavyojulikana, futi ndefu ya mita 50 na watu wawili inatosha kujua kama kuna tatizo la kweli. Pima pande zote nne, kisha pima mshazari, kona hadi kona. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye kona za mraba kina mishazari miwili ya takriban mita 36.06 kila mmoja. Pande zikitimia lakini mshazari mmoja ukazidi mwingine, kiwanja kimelala upande, na kona zake si za mraba.

Walio milimani, Mwanza, Mbeya, Lushoto, waangalie jambo moja zaidi. Vipimo vya ramani ni vya usawa, haviufuati mteremko. Kiwanja cha urefu wa mita 30 kinachoshuka mita 6 kitakupa mita 30.59 ukilaza futi juu ya ardhi. Ukisimamia mita 30 kwenye udongo, utajiona umeishiwa karibu sentimita 59 kabla ya kuifikia bikoni ya chini, na utamlaumu jirani wa juu au wa chini bure. Shika futi isawazike hewani, kwa vipande vifupi vifupi, huku jiwe lenye kamba likionyesha pointi ya chini.

Simu usiitegemee. Ramani ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na ninyi mnagombania mita moja.

Kikao cha uwanjani

Msikutane ofisini kwanza, kutaneni kwenye mpaka wenyewe, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na watu hawajachoka. Wawepo: wewe, jirani, wenzi wenu, jirani wa tatu, mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Wenzi nawataja kwa kusudi. Mume akikubali kuachia mita moja mke akiwa hayupo, wiki ya pili mgogoro unaanza upya, na kisheria nyumba ya ndoa haitolewi bila ridhaa ya mwenzi.

Utaratibu ambao nimeuona ukifanya kazi ni kumwacha kila mmoja atembee mpaka wake kama anavyoujua, peke yake, akichomeka vijiti, bila kukatizwa. Mwingine naye afanye hivyo kwa vijiti vya rangi nyingine. Mara nyingi vijiti hukutana kwa urefu mwingi na kuachana mahali pamoja tu, na kelele za miezi zinapungua kuwa mita kumi za urefu. Hapo mjadiliane hizo kumi tu.

Mkikubaliana, andikeni palepale. Mfano:

"Sisi, ……… na ………, wakazi wa mtaa/kijiji cha ………, tunakubali kwamba mpaka kati ya viwanja vyetu unaanzia ……… (taja alama isiyohama), unakwenda hadi ………, urefu wa mita ………, na kuishia ………. Alama zimewekwa leo tarehe ……… mbele ya mashahidi waliotajwa hapa chini. Kila upande unaacha madai juu ya eneo lililo ng'ambo ya mstari huu. Makubaliano haya yanawafunga warithi wetu na wanunuzi wetu."

Chini wasaini wahusika, wenzi wao na mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji ugongwe, na mchoro wa mkono wenye vipimo uambatishwe. Alama isiyohama ni kona ya nyumba ya zege au mwamba, mwembe hukatwa. Nakala nne: yako, ya jirani, ya ofisi ya mtaa, na moja kwa jirani wa tatu.

Kama mmoja wenu anamiliki kwa urithi na mirathi haijafunguliwa, simameni kwanza. Mtoto wa marehemu, hata mkubwa, hana mamlaka ya kusaini wala kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu hadi ateuliwe msimamizi wa mirathi na mahakama. Kesi nzuri kabisa hutupwa kwa sababu hii moja.

Kumwita mpima

Eneo likiwa limepimwa na kikao kimeshindikana, kinachofuata ni kufufua mipaka, yaani mpima kuirudisha ardhini kama ilivyo kwenye ramani. Andika barua kwa halmashauri, idara ya ardhi, ukitaja namba ya kiwanja, kitalu na namba ya ramani iliyosajiliwa. Zote zipo kwenye hati. Waweza pia kumtumia mpima binafsi mwenye usajili na leseni. Vijana wenye kifaa begani wasio na leseni ni wengi, na ripoti yao haina maana barazani.

Kubalianeni gharama nusu kwa nusu kabla hajafika. Mpima aliyelipwa na upande mmoja, hata akiwa mwadilifu, ataitwa "mpima wake". Jirani apewe taarifa ya tarehe kwa maandishi, na mwenyekiti wa mtaa awepo.

Muulize mpima maswali mawili. La kwanza: ameanzia bikoni zipi? Anatakiwa kufunga vipimo vyake kwenye bikoni za zamani zilizothibitishwa, asisimamie kona moja tu. La pili, kama ramani ni ya zamani: ametumia mfumo gani wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kila pointi ilipo? Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na vifaa vya setilaiti vya leo hufanya kazi kwa WGS 84. Namba za mfumo mmoja zikiingizwa kwenye mwingine bila kubadilishwa, pointi huruka mamia ya mita. Kosa kubwa hivyo mpima ataliona. Yanayoleta vita ni mabadiliko yaliyofanywa kwa makadirio, yanayoacha mita moja au mbili. Dai ripoti yenye mchoro, saini na muhuri wake.

Barazani

Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao wanawake watatu. Kazi yake ni kusuluhisha, na halimlazimishi mtu. Asiyeridhika anakwenda Baraza la Kata.

Wengi bado wanadhani Baraza la Kata linatoa hukumu ya ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina mamlaka hayo, linasuluhisha tu. Lakini usilipite. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri lako bila hati ya Baraza la Kata kwamba usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 tangu ulipofungua na kata haijamaliza, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hati hiyo. Tunza karatasi yenye tarehe ya kufungua.

Wilayani anakaa mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, pamoja na wazee wa baraza. Linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kwenye maombi yako eneo lazima lielezwe kiasi cha kutambulika: kama limepimwa, namba, kama halijapimwa, majirani wa pande nne, vipimo na mchoro. "Kipande cha ardhi kilichopo Kimara" hakitoshi, na hata ukishinda, hakuna dalali wa baraza, yule anayetekeleza hukumu, atakayejua akazie wapi.

Kama jirani anaendelea kujenga, omba zuio la muda sambamba na maombi makuu. Omba pia baraza litembelee eneo. Kwenye mpaka, macho huona ambacho maneno hayasemi. Jirani anayesema "niliuziwa hivi" inafaa aunganishwe na muuzaji wake katika shauri. Na kama tatizo limetokana na halmashauri kugawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, hiyo si kesi ya jirani peke yake: unapoishtaki serikali unatoa notisi ya siku 90 kwanza na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu.

Muda nao una kikomo. Madai ya kurejeshewa ardhi yana miaka 12. Usilale kwa sababu "tunaheshimiana". Lakini jirani aliyeazimwa kipande alime mchicha hageuki mwenye nacho kwa kukaa tu, hata akae miaka mingi, mradi uthibitishe kuwa alikaribishwa. Ukimwazima mtu, andikishaneni hata mistari mitatu.

Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na hapo ndipo picha, mchoro, mzee aliyeshika kamba na ripoti ya mpima vinapofanya kazi. Asiye na uwezo wa wakili atafute msaidizi wa kisheria wilayani kwake. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure.

Kabla ya kufungua, piga hesabu kwa uaminifu. Weka upande mmoja thamani ya kipande kwa bei ya mtaa wako, na upande wa pili ada, nauli, siku za kazi zitakazopotea, mpima na wakili. Ikiwa kesi ni ghali kuliko ardhi, rudi kwa jirani na pendekezo: mmoja amlipe mwenzake thamani ya kipande, au mbadilishane, unipe mita moja huku nikupe mita moja kule. Kwa ardhi yenye hati, mabadilishano hayo lazima yapite kwa afisa ardhi ili ramani na hati virekebishwe. Mjumbe peke yake hatoshi.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Omba nakala ya uamuzi na mwenendo wa shauri kwa barua siku ileile. Ukishinda, usiende na mafundi kesho yake. Fungua maombi ya kukazia hukumu, dalali wa baraza aje rasmi, na mpima asimike alama kwenye mstari uliotajwa mbele ya jirani na mwenyekiti wa mtaa. Peleka nakala ya uamuzi ofisi ya ardhi ya halmashauri iwekwe kwenye jalada la kiwanja, ili atakayenunua upande wowote akienda kufanya upekuzi aikute.